Gauni la Dada Skola Silipunguzi Tena

Jumatano, Lizaboni. Ukungu mpaka saa nne, baridi ya kukata vidole, na mimi nimeshindwa kukanyaga cherehani kwa hasira.

Hasira yenyewe ni juu yangu kwanza. Mimi ni fundi nguo, vipimo vyote ninavyo. Tangu Pasaka nimelipunguza gauni la sare ya jumuiya la dada yangu Skola mara tatu. Kiuno kilikuwa inchi thelathini na nane, kikafika thelathini na mbili. Futikamba ilikuwa mkononi mwangu! Nami nachomeka pini huku namsifu kwamba amerudia usichana.

Mtaa nao ukatoa hukumu yake. Mwanamke akikonda, kwao ni Ukimwi tu, tena kwa kunong'ona. Skola akanililia, tukaenda kupima. Hana virusi. Nilipiga vigelegele pale pale nje ya zahanati, nikamnunulia soda tushangilie. Akanywa mbili mfululizo, akaomba ya tatu.

Nikampa.

Hapo ndipo ninapotaka kujizaba kofi. Alikuwa akija kunisaidia vifungo, anamaliza jagi la maji kabla ya adhuhuri. Chooni haishi kwenda, tunamtania kuwa kibofu kimezeeka. Anakula kuliko mimi na bado anakonda. Mwezi huu akashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano, eti macho yana ukungu. Niliyaona yote. Sikuuliza hata moja, kwa sababu tulishapima kile tulichokiogopa.

Leo asubuhi alishindwa kusimama, nikampakia bajaji mpaka hospitali. Nesi akamtoboa kidole, akakitazama kimashine chake, akanigeukia.

"Sukari imepanda sana. Mama, mlikuwa mnasubiri nini nyumbani?"

Skola naye akanitazama mimi. Wamemlaza, wamemtundikia dripu, na daktari anasema tumeponea chupuchupu.

Nimerudi dukani, nimelikuta gauni lake kwenye msumari. Alilileta Jumatatu nilipunguze mara ya nne.

Silipunguzi ng'o. Nimefumua mishono yote mitatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka limerudi thelathini na nane.

Kesho nampelekea wodini alione. Soda sibebi.