Mpinzani Wangu wa Kompyuta Kumbe ni Mama Mkwe

Mama Rosaria, mshauri wetu, kabla haujanicheka naomba unisome mpaka mwisho, maana huku Nchelenge wote wamekwisha kunicheka na kicheko chao hakijanisaidia kitu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, kwetu ni Pweto, upande wa Kongo, nilivuka ziwa mwaka 1994 kwa biashara ya samaki, nikaoa muke wa hapa, nitamwita Mutale, tuko na mutoto mumoja, Chewe, na majina yote ya barua hii nimeyabadilisha, isipokuwa aibu yangu ndiyo ya kweli. Wewe uko mutu wa Lubumbashi, labda haujui desturi ya upande huu: mwanaume aliyeoa hamuangalii mama bukwe, mama wa muke wake, usoni, hawali pamoja, wakikutana njiani yeye anaacha njia na kuingia majanini, na kama kuna neno la kusema linapitia kwa mutu wa tatu, mpaka siku ile familia ya muke inapompikia na kumuonyesha kila sufuria, wanaita kuingishwa, na toka siku hiyo anakuwa mutoto wa nyumba. Mimi sijaingishwa. Kila mara nilisema tungoje wazazi wangu wavuke wasimame na mimi, halafu vita ikaja tena kule kwetu, tukangoja, na sasa ni miaka mitano.

Desemba serikali ilifunga uvuvi kama kila mwaka, samaki hakuna, biashara hakuna, nikapata kazi ya kila Alhamisi katika biro, yaani ofisi, ya parokia moja, kuandika vitu vya stoo, na pale kuna kompyuta, na muzungu mumoja aliyekuwa akijitolea aliacha diskete yenye programu ya skrabo, ule muchezo wa kupanga herufi kwenye ubao kufanya maneno ya Kiingereza. Hapa kuna klabu inayocheza kila Jumamosi na mimi nilikuwa wa mwisho wao wote, maana shule yangu ilikuwa ya Kifaransa. Programu ile, Mama, ni mwalimu asiyechoka wala kununa: unachagua kiasi cha ukali wake, unacheza nayo, na ukimaliza inakurudisha nyuma zamu kwa zamu, inakuonyesha neno bora ulilokuwa nalo mukononi ukaliacha. Nilinakili maneno yale kwenye daftari, nikayasoma sokoni, nikayasoma chooni, mpaka Februari nilikuwa nimewapiga watu waliokuwa wananionea huruma. Roger, mukubwa wetu sisi wafanyabiashara wa Kongo, alikasirika siku nilipomushinda akasema, "Weye unatupa maneno pale sawa mutu anamwanga dagaa, haujue ata moya jina yake." Nikamujibu kwa kumwita yaya, yaani kaka, "Yaya Roger, weye ubakie na majina, miye nibakie na pointi."

Sasa sikia kosa langu. Programu ile inakubali pia watu wawili wacheze zamu kwa zamu, na inautunza muchezo usiokwisha. Alhamisi moja ya Desemba nilikuta muchezo umeachwa katikati, upande mumoja umeandikwa MWALIMU, upande wa pili hauna mutu, nikaweka neno langu kwenye upande ule nikaenda zangu. Alhamisi iliyofuata nikakuta nimejibiwa, na neno lenyewe lilikuwa kali, nikasema huyu ni katekista mumoja muzee, parokia imejaa wazee wa namna hiyo. Tuliendelea hivyo, na kila mumoja alikuwa anaweka neno zaidi ya moja kwa kukubaliana kwenye vikaratasi tulivyoviacha chini ya kibodi, mpaka tukamaliza michezo sita, yeye akashinda minne. Na vikaratasi, Mama, havikubaki vya heshima. Niliandika, "Muzee, ulilala?" Akajibu, "Cheza, mutoto." Niliandika kwamba nitamunyonyoa kama kuku. Halafu siku nilipomushinda mara ya pili niliandika, "Mwambie muke wako akupikie uji, meno yamekwisha." Alhamisi nikakuta jibu: "Uji nimekula. Zamu yako."

Machi ziwa lilifunguliwa, Alhamisi ile nilitakiwa kuvuka kwenda Kilwa, kisiwa cha huku ziwani, kuchukua samaki, kwa hiyo nilienda parokia Jumanne. Nikafungua mulango. Mbele ya kompyuta ameketi mama bukwe wangu, mwalimu mustaafu, ambaye mimi sikujua kama kila Jumanne anakuja pale kupiga chapa nyimbo za kwaya, na kikaratasi changu cha uji, kumbe alikitunza, kiko mukononi mwake. Niliangalia sakafu. Hakugeuka. Akamwambia Ennie, sekretari wa parokia, aliyekuwa amesimama katikati yetu akinisalimu kwa jina na kushangaa kwamba si Alhamisi, "Ennie, ambia ule mutu eko pa mulango, zamu ni yake." Ennie akanirudilia maneno yale yote kama mimi ni kiziwi. Kisha mama bukwe akaongeza, "Muambie tena, meno yangu iko yote." Nilitoka mbio, na stoo ile juma lile haikuandikwa.

Ennie alisimulia kwenye kwaya, kwaya ikasimulia mji, na Jumamosi mujomba wa muke wangu, Patson, ambaye ndiye mwenye neno katika familia yao, aliniita. "Awe, bashi-Chewe," akasema, yaani hapana, baba Chewe, "umekula na mama yetu sahani moja miezi tatu."

"Ba yama," nikamwambia, kwa maana ndivyo hapa mujomba anavyoitwa, "hatukukuwa ata chumba kimoya."

"Na ile karatasi ya meno, ilijiandika?"

Nikaanza kueleza habari ya katekista, akanikata. Akaendelea kusema kwamba kushinda kwangu si akili yangu, ni ya mashine, kwa hiyo si hasara nikiacha. Na hapo ndipo ubaya unapokuwa ubaya kabisa, maana Jumapili yake matokeo ya mashindano ya skrabo ya wilaya yakasomwa: mushindi wa kundi la Nchelenge ni mimi, mushindi wa kundi la Kafutuma, hapa jirani, ni mama bukwe, na Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka tunatakiwa kukaa meza moja, uso kwa uso, na mutu mumoja tu ndiye atakayeenda Lusaka mwezi wa sita kuchezea wilaya. Mujomba anasema nijitoe la sivyo hataniita tena mukwe wake. Mutale anasema, "Ukijitoa, mama atasema unamuogopa. Ukicheza, ba yama atasema unamutukana. Miye nitabeba yote mbili." Mimi nataka ile nafasi, Mama, sijawahi kutaka kitu hivi, ni mara ya kwanza hapa kuwa mutu mwenye kitu chake na si Mukongo wa dagaa tu. Lakini muke wangu naye namutaka. Kwa hiyo nimefikiri njia ya tatu: nicheze, niangalie ubao tu, na nishindwe kwa makusudi, polepole, bila mutu kujua. Naomba uniambie kama ni hekima.

Mukwe Asiyejua Aangalie Wapi, Nchelenge

MAMA ROSARIA ANAJIBU

Si hekima. Ni woga uliovaa koti la heshima, na koti lenyewe ni la kuazima.

Nitaanza na hiyo njia yako ya tatu kwa sababu ndiyo mbaya kuliko zote, na kwa sababu wewe mwenyewe umeniandikia kwa nini haiwezekani, kisha ukapita bila kuliona. Umesema programu inarudi nyuma zamu kwa zamu na kuonyesha neno bora ambalo mchezaji alikuwa nalo mkononi akaliacha. Unadhani mama huyo, aliyesahihisha madaftari ya watoto wa watu maisha yake yote, atarudi nyumbani kusherehekea? Mezani kila zamu inaandikwa. Jumanne ataketi mbele ya kompyuta ile ile, atauweka mchezo wenu wote humo, na ataona pale ulipokuwa na neno la pointi sabini ukaweka la nane. Ameyajua maneno yako kwa miezi mitatu, anajua unachokijua. Utakuwa umemwambia mbele ya wilaya nzima kwamba yeye ni kikongwe wa kuhurumiwa. Kile kikaratasi cha meno kilikuwa utani wa kijinga. Hili litakuwa tusi.

Sasa mjomba Patson. Namheshimu, anatetea desturi ya watu wake, na mimi si miongoni mwa wale wanaosoma vitabu viwili kisha wanawaita wazazi wao washamba. Lakini desturi anayoitetea ameikata nusu. Mkwe hamwangalii mama mkwe mpaka aingishwe: ndivyo ulivyoniandikia. Neno "mpaka" lipo hapo. Wazee waliotunga desturi hiyo hawakutaka mtu na mama wa mke wake wazeeke wakikwepana majanini. Walitaka kijana ajifunze heshima kwanza, kisha aketi ndani. Mjomba anakumbuka katazo na kusahau karamu. Na wewe, bwana, usijifiche nyuma yake, maana aliyeichelewesha karamu ni wewe. Unangoja wazazi wavuke. Vita ile haikuulizi. Miaka mitano umeifanya kiti cha kukalia, na sasa unashangaa kwamba bado uko nje.

Na habari ya akili ya mashine, niruhusu niseme kwa sauti, kwa sababu nasikia upuuzi huo hata huku Lubumbashi kutoka kwa watu wenye vyeti ukutani. Mwanafunzi akisoma kamusi ya karatasi usiku kucha, wanamwita mwenye bidii. Akisoma maneno yale yale kwenye kioo cha kompyuta, ni mwizi. Kwa nini? Kompyuta haitaingia ukumbini siku ya mchezo. Haitakushika mkono. Kilichokupandisha ni daftari lile ulilosoma sokoni na chooni, na uvumilivu wa kuonyeshwa makosa yako kila Alhamisi bila kukasirika, jambo ambalo wanaume wengi ninaowajua hawaliwezi hata likifanywa na mashine. Tena mama mkwe wako alijifunzia papo hapo. Kama wewe ni mwizi, mjomba aende akamwambie dada yake kwamba naye ni mwizi, na mimi nipo tayari kuvuka ziwa kuja kusikiliza jibu.

Lakini hata hivyo sikusafishi. Uliandika habari za meno na uji kwa mtu uliyemdhania kuwa mzee wa kanisa. Ingekuwa kweli ni katekista, ungekuwa umekosa vilevile. Heshima inayowaka tu pale unapojua ni mama wa mke wako si heshima, ni hesabu ya faida. Kwa hilo utaomba msamaha, na utauomba kabla ya yote.

Kuna mtu mmoja ambaye barua yako yote haikumuuliza kitu. Mjomba amesema, mke amesema, Roger amesema, kwaya imesema. Mama mwenyewe je? Amesema, na wewe ulikimbia. Ulimkuta na kikaratasi kiovu mkononi mwake. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumwita mjomba yeye mwenyewe. Alifanya nini? Alishika desturi barabara, hakugeuka, akapitisha neno kwa mtu wa tatu kama inavyotakiwa, na neno alilolipitisha ni kukuambia ucheze. Huyo si mwanamke aliyetukanwa. Huyo ni mwanamke ambaye, tangu astaafu, hajapata mtu wa kumpa shida ubaoni, na sasa amempata, naye ni mkwe wake, na wanaume wawili wanataka kumnyang'anya.

Kwa hiyo usijitoe, na usishindwe kwa makusudi. Fanya hivi, na uanze juma hili, Pasaka haiko mbali. Nenda kwa Roger. Najua ulimcheka kwa pointi, sasa meza kiburi. Yeye ni mkubwa wenu ninyi wa Kongo pale, na mtu aliye mbali na kwao anasimamiwa na mkubwa wa watu wake. Hakuna mzee wa Pweto atakayesema wazazi wako wamevunjiwa heshima. Mwende wawili kwa mjomba Patson, mchana, mmevaa vizuri, na msianze na skrabo. Mseme mmekuja kuomba uingishwe. Toeni kile ambacho Mutale atawaambia kinatolewa, kwa sababu yeye anajua na wewe hujui. Hapo hapo, mbele ya mjomba, uombe msamaha wa kikaratasi, neno moja, bila hadithi ndefu ya katekista. Halafu Roger aombe kwamba mama aulizwe, kwa njia yao, kupitia mtu wao, kama anataka mchezo huo uchezwe. Mjomba akikataa kumuuliza, Mutale amuulize mwenyewe na kuleta jibu mbele ya wote. Mjomba ana sauti katika familia, lakini jibu la mama hawezi kulisema yeye.

Kama karamu haiwezi kuwa kabla ya Jumamosi ile, mwende kwa wenye klabu wawasogezee tarehe. Lusaka ni mwezi wa sita, wana nafasi. Wakinung'unika, Roger anajua kunung'unika zaidi yao.

Mpaka hapo, usiguse mchezo wenu wa kompyuta, na vikaratasi vikome. Cheza na mashine peke yako, kwenye ukali wake wa juu, maana mama huyo amekushinda mara nne kati ya sita na sioni kwa nini unajisumbua kupanga namna ya kushindwa. Huenda hutahitaji msaada.

Ukishaingishwa, keti mezani, inua uso, mwangalie, mwamkie kama mwana anavyomwamkia mama, kisha mchezee kwa nguvu zako zote. Mmoja wenu atapanda basi la Lusaka. Mwingine atabeba mizigo yake mpaka stendi na kusimama pale mpaka basi liondoke, watu wote wakiona. Ikiwa ni wewe wa kubeba, beba bila kununa.