Sauti Yangu Inamwita Baba Mkwe kwa Jina

Mama Bibiche, nakusalimia wewe na wote wanaosoma ukurasa wako, mimi ni bibi-arusi wa huku Kingi, mwalimu kwa kazi, na nakuandikia nikiwa nimekaa nyuma ya jiko langu mwenyewe, kwa sababu mbele ya nyumba kuna njia na njiani anaweza kupita baba mkwe wangu, na siku hizi sina uso wa kumwangalia, kwa hiyo nisaidie kabla sijahamia humu jikoni moja kwa moja.

Nianze mwanzo ili unielewe. Nilisoma mambo ya kompyuta Goma, na kabla sijaolewa chama cha wazazi kiliniomba nitengeneze masomo ya kusoma kwa ajili ya zile kompyuta ndogo za watoto, za kijani, ngumu, zinazochajiwa kwa jua, na kwa kuwa hapa Kingi huwezi kutuma hata meseji mpaka upande kilima, niliyatengeneza kama kurasa za intaneti ambazo hazihitaji intaneti, yaani mtoto anafungua somo mara moja tu shuleni, karibu na kisanduku chetu kinachotoa rezo ya hapo hapo, yaani mtandao wa pale shuleni tu, na somo linajihifadhi lote ndani ya kompyuta, picha na sauti, halafu akifika nyumbani linafunguka hata kama hakuna rezo popote, na mimi nilijisifu sana kwa hilo, niliwaambia walimu wenzangu kwamba somo langu likishaingia halitoki.

Somo lenyewe ni hivi: mzee mmoja anamtafuta mbuzi wake kila mahali, kumbe mbuzi anamfuata nyuma akitafuna koti lake, na mtoto akipatia herufi mbuzi anasogea mbele kidogo, akikosea sauti inamuuliza mzee, "Fulani, mbuzi yako iko wapi?" Sauti ni yangu. Na hiyo Fulani nimeiweka hapa kwa sababu jina lililomo kwenye somo siwezi kuliandika hata katika barua hii, na hapo ndipo ilipo shida yangu yote.

Unajua kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wazee wanaita gutsinda, na wengine wanaishika sana desturi hiyo, hata mama mkwe wangu mpaka leo jembe analiita "kile cha kulimia", maana jina la marehemu baba mkwe wake lilikaribiana na la jembe. Mimi jina la mzee wa mbuzi nililichagua kwa sababu linajaza kinywa na watoto wanalipenda, na wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuongea na Jean-Bosco, ambaye ndiye mume wangu sasa, lakini baba yake nilimjua kama kila mtu anavyomjua, Papa Euphrasie, kwa jina la binti yake wa kwanza, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ana jina lingine. Siku ya mahari nilikuwa chumbani na mashangazi, nimefunikwa kitambaa, msemaji wa upande wao akasimama uani akamtaja baba wa kijana kwa jina lake lote, nami nikasikia jina la mzee wa mbuzi, nikakivuta kitambaa mpaka magotini, na mashangazi wakasema angalieni mtoto anavyoona haya, kumbe mimi nawaza kompyuta zote zilizokwisha kugawiwa.

Nilijiambia nitarekebisha baada ya harusi, lakini mvua zikaja, betri ya kisanduku ikafa, na kompyuta nyingine zilikuwa zimeshapelekwa Mubi, kule Walikale, ambako huyo wifi yangu Euphrasie ameolewa, na haikupita muda, siku moja nikiwa nimepanda kilimani, akanipigia simu, "Dada, batoto bote ba huku beko banaita Papa jina, na ni sauti yako njo inabafundisha, uko unafanya nini?" Nilimwambia rezo ni mbaya, nikakata.

Halafu Jumapili moja baba mkwe alikuwa na wageni uani kwake, wanaume wenzake wa kanisani, mimi nimebeba sahani ya viazi na maharage kama bibi-arusi mwenye adabu, na watoto wamekaa chini ya ukingo wa paa na kompyuta yao, mmoja akakosea herufi, na uani pale, mbele ya wote, sauti yangu ikamwita mzee kwa jina na kumuuliza mbuzi wake yuko wapi. Mwanamume mmoja akaanza kucheka akajizuia, baba mkwe akaweka kikombe chini, akasema anakwenda kuangalia maharage shambani, na mimi nikaacha sahani mlangoni nikatokea nyuma ya nyumba.

Tangu siku ile hajakanyaga kwangu. Mimi mwenyewe nikienda shuleni napita njia ya chini, kule kwenye matope, ili tusikutane, na mama mkwe anasema mzee hajamwambia neno lolote kuhusu mimi, ila siku moja alimuuliza tu, "Kwanza ile mbuzi ilishaonekana?" na sijui alimaanisha nini, labda ni mbuzi wetu wa kweli, maana naye hupotea. Juzi nilikuta mlangoni kikapu cha viazi vipya, nadhani ni jirani. Na mimi karibu najifungua, na kwetu babu ndiye anayempa mtoto jina, sasa huyu babu nimemtangaza mpaka Walikale, atakuja kweli kumpa mwanangu jina?

Mume wangu anacheka tu, anasema, "Unaogopa nini? Umuambie Papa kama ile haiko weye, ni mashini njo inasema." Mimi nimefikiria jambo lingine na ndilo ninalotaka uniambie kama nifanye. Ninaweza kuzikusanya kompyuta za hapa nikasema zina virusi, nikafuta kila kitu kilichohifadhiwa ndani yake, kazi ya mchana mmoja, na hakuna atakayejua sababu. Lakini niliyatengeneza vibaya masomo yangu, Mama, nikaweka somo na kazi za watoto mahali pamoja, nikifuta kimoja kinakwenda na kingine, na watoto wameandika mambo mengi humo, kuna Uwizeye wa mwaka wa tatu ambaye familia yake ilikimbia ikaacha shamba, ameandika shamba lao lote, mti wa avoka uko upande gani, kisima kiko wapi, mahali babu yake alipokuwa anakaa, anasema ili wasisahau, na hakuna nakala mahali popote. Njia nyingine ipo, kila kompyuta iletwe karibu na kisanduku, ipokee somo jipya polepole bila kugusa kazi za watoto, lakini hiyo itachukua majuma, wazazi wote watauliza kwa nini, na itabidi niseme. Niambie, nifute au nisifute? Nataka kufuta, nakuambia ukweli, na mkono unakataa.

Ni mimi,
Bibi-arusi wa njia ya chini, Kingi


MAMA BIBICHE ANAJIBU:

Binti yangu, nimeisoma barua yako nikiwa nakunywa chai, na chai nyingine imebaki kwenye kitambaa cha meza. Nisamehe. Mwanamke anayemwita baba mkwe wake kutoka Kingi mpaka Mubi bila kufungua kinywa, huyo sijawahi kukutana naye katika kazi hii. Sasa nimemaliza kucheka, tuongee.

La kwanza, toa mkono wako kwenye hiyo kompyuta. Usifute. Swali lako nimelijibu, na ungeweza kulijibu mwenyewe, maana aliyeandika habari za shamba la Uwizeye katika barua ya kulia aibu yake ni wewe. Mtoto ameweka nyumbani kwao ndani ya kile kikompyuta kwa sababu alikuamini wewe uliyesema kikiingia hakitoki. Unataka kukitoa ili watu wasikucheke Jumapili? Utachekwa, uchekwe, na Jumapili inayofuata watakuwa wanamcheka mwingine.

La pili, huyo Jean-Bosco mwambie nimemsikia. Ati ni mashini inasema. Mtoto gani wa Kingi hajui sauti ya mwalimu wake? Na mzee ambaye umempelekea chakula tangu harusi, hajui sauti yako? Ukimwambia uongo huo utakuwa umemkosea mara mbili, na safari hii kwa kusudi. Lile la kwanza hukulifanya kwa kusudi. Jina la mtu ambaye wote wanamwita Papa Euphrasie ungelijulia wapi? Huyo kijana wako ndiye angekuambia, kabla hata ya kuleta mahari. Kwa hiyo siku ya kwenda kuomba msamaha anatangulia yeye, na kasiksi, ile pombe ya ndizi ya kuombea msamaha, anabeba yeye.

Naam, mtakwenda kuomba msamaha. Kwenu desturi hii ina mlango wa kutokea, mama mkwe wako aishiye na jembe lisilo na jina anaujua vizuri. Mwendee yeye kwanza, mweleze yote kama ulivyonieleza mimi, lakini kwa kifupi, maana wewe ukianza sentensi hujui kuimaliza. Yeye atakuonyesha mnakwenda na nini na nani anasema nini. Usijifanye umesoma Goma kuliko yeye.

Halafu mkishakaa na mzee amepokea, usimuahidi kwamba utalificha jina lake. Muombe alitamke yeye. Nasema hivi: kachukue simu yako, au chochote mnachotumia kurekodi, umuombe baba mkwe asome hadithi ya mbuzi kwa sauti yake. Hakuna desturi ninayoijua inayomkataza mwanamume kutaja jina lake mwenyewe. Acha ajiulize yeye mbuzi wake yuko wapi. Wajukuu wote wa Kingi watamsikia babu badala ya kusikia mkwe asiye na adabu, na wewe utakuwa umetoa sauti yako mahali ambapo haikupaswa kuwa. Akikataa, usibishane, unaweka jina lingine na mambo yanaisha. Lakini hatakataa. Mzee aliyemuuliza mkewe kama mbuzi ameonekana anataka kujua mwisho wa hadithi, na wewe uliyeitunga ndiye peke yako usiyeona hivyo.

Kuhusu kazi ya kompyuta, sitajifanya fundi, simu yangu yenyewe inanishinda. Lakini umesema njia ya polepole ipo na haigusi kazi za watoto. Basi fuata hiyo. Waombe walimu walete darasa moja moja karibu na kisanduku, na wazazi wakiuliza kwa nini, waambie, "Nilikosea jina, tunarekebisha." Ni hayo tu. Utashangaa jinsi watu wanavyochoka kuuliza mtu akishawajibu. Za Mubi, weka sauti mpya kwenye flashi, mpe dereva wa lori mnayemwamini, wifi yako aipokee aipeleke shuleni kwao, na safari hii akipiga simu usimkatie. Na kabla hujagusa jambo lingine lolote, tenganisha mahali pa masomo na mahali pa kazi za watoto, kisha zitolee nakala. Hilo kosa lako la kuviweka pamoja ni kubwa kuliko la jina, na hakuna anayekulaumu kwa sababu hakuna aliyelijua. Mimi nimelijua na ninakulaumu.

Sasa nimebakiza neno moja, na hili silisemi kwa mzaha. Umeniandikia kwamba mzee amekukimbia. Rudi usome ulichoandika. Anayekaa nyuma ya jiko ni nani? Anayekanyaga matope njia ya chini na mimba ya kukaribia kujifungua ni nani? Yeye Jumapili ile aliinuka akaenda shambani ili wewe usisimame pale na sahani mkononi mbele ya wanaume, alikupa nafasi ya kupumua. Na hao majirani wa Kingi wanaoacha viazi mlangoni bila kugonga, mimi sijawahi kuwasikia. Jirani akileta viazi anaingia, anakaa, anasubiri viive. Aliyeweka kikapu na kuondoka ni mtu anayeogopa kwamba hutaki kumwona. Nyumba yenu ina watu wawili wanaojificha, kila mmoja akifikiri mwenzake amekasirika, na mmoja wao ana mvi.

Mtoto wako atapewa jina, usiwe na wasiwasi. Lakini kasiksi ichukue siku zake kuiva, na kurekodi kungoje, na majuma ya kompyuta yatapita yenyewe. Kuna jambo moja lisilongoja hata hayo. Kesho asubuhi ukienda shuleni pita njia ya juu. Ukimkuta baba mkwe wako mlangoni kwake, simama, mwite Papa, umuulize ameamkaje, kisha ungoje akujibu. Mzee huyo hajasalimiwa na mkwe wake tangu Jumapili ile.