Pumzi Yako Haifutwi

Mwaka umetimia leo, mjukuu wangu, mume wangu mdogo, tangu uliposhusha klarineti yako usiiinue tena.

Nani sasa atalowesha kile kimwanzi chake cha kupulizia ndani ya kikombe changu cha chai? Siku ile nilikitumia kukwangua ukoko wa sufuria nikidhani ni kijiti tu, wala hukununa. Ulikipachika ukakipuliza, kikalia kama bata. Ukasema, "Bibi, umekipa sauti mpya." Ukaenda nacho kazini hivyo hivyo, na yule bata wa filamu ya watoto ndiye huyo.

Kazi yako ilikuwa kupigia filamu muziki. Watu wanalia sinemani, hawajui nani kawaliza. Ulisema haidhuru, mradi walie.

Ile ya mwisho uliipiga kifua kimeshakubana. Mjane anafunga mlango wa nyumba yake, kimya, halafu unasikika ukivuta pumzi, ndefu, ya kukwaruza, ndipo klarineti inaingia. Kwenye mkataba uliandika pasiguswe kitu bila ridhaa yako. Ulipoondoka, ridhaa ikawa yetu. Mwongozaji wa filamu akaja na karatasi.

"Bibi, ni dosari ndogo tu. Tunaifuta, muziki unabaki ule ule."

"Muziki mmeshaupata. Hiyo pumzi ni ya kwetu."

"Watu watadhani mitambo mibovu."

"Wadhani."

Alikuja mara tatu. Mimi shule niliishia la nne, lakini kukataa kusaini hakutaki darasa kubwa. Mara ya tatu mama yako alimkaribisha chai vizuri, kalamu akaikalia.

Wiki iliyopita tumeiona, imeachwa nzima. Mlango ukafungwa, ukavuta pumzi. Mtu wa nyuma yetu akanong'ona, "Sauti imeharibika."

Nikageuka. "Haijaharibika, baba. Mjukuu wangu anapumua."

Tukakusikiliza naye mpaka mwisho.

Unakumbukwa na mimi bibi yako, mama yako, mkeo, kaka yako fundi viatu, na binti yako, ambaye ameanza kulowesha kimwanzi kwenye kikombe changu. Simkatazi.

Atakayekwenda kuitazama, mjane akifunga mlango, atulie asikie. Sisi hatutakusahau, na hakuna atakayekufuta.