Kuitia Sauti Treni ya Baba

Jumamosi, Ramadhani 18

Mashono yamejaa hadi kitandani. Kila mtu anataka nguo ya Idd, na kila mtu anaitaka kesho. Mama Salma kaja kubadilisha mtindo wa gauni ambalo nimeshalikata. Nikamjibu kwa adabu. Funga hii inanifunza mengi.

Baba hatoki chumbani ila kwenda kuswali. Nimemuuliza lini tupange treni mezani. Kasema mwaka huu hapana. Presha ya macho imemaliza kazi yake: jicho la kulia giza, la kushoto ukungu.

Kila Idd yeye ndiye huendesha ile treni ya kuchezea aliyoinunua kwa Mwarabu wa Kariakoo aliyekuwa anafunga duka. Watoto wa mtaa huu wa Ukonga wakija kuomba mkono wa Idd hupewa visheti, wakakaa kuitazama ikizunguka. Kazini Baba aliendesha treni za kweli mpaka akastaafu. Sasa anasema haendeshi asichokiona.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani.

Jumapili, Ramadhani 19

Kaka Hamidu kapiga simu kutoka Kigamboni. Anataka kuja Idd Mosi aichukue treni, wanawe waichezee kwake.

"Sasa sista, mzee anaionaje? Si bora wajukuu waifaidi?"

Mbaya zaidi, kumbe keshamwomba Baba, na Baba kasema chukua. Kasema tu hivyo, kama mtu anayetoa viatu vilivyombana.

Masikio ya Baba ni mazima. Anamjua mgeni kwa kandambili zake kabla hajapiga hodi. Lakini treni yenyewe haina sauti, inavuma kidogo kama mbu. Ingekuwa na sauti angeifuata. Nimeliwaza hilo hadi nikashona mkono wa shati ndani nje.

Jumanne, Ramadhani 21

Nimekwenda pale barabara inapokatiza reli, simu mkononi, nirekodi treni ya Pugu. Ya kwanza ilipopita akatokea muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Nilichokipata ni mende, kunguni na viroboto, na treni kwa mbali. Nikangoja nyingine, na jua na kiu.

Ya pili imekuja safi. Honi, mngurumo, chuma kikigonga maungio ya reli. Nikaisikiliza pale pale nimesimama, watu wananishangaa. Nimefurahi kama mtoto.

Alhamisi, Ramadhani 23

Heri nisingefanya.

Nilipanga reli mezani, spika isiyo na waya nikaificha ndani ya steshini ya mezani, ile iliyotengenezwa kwa boksi la sabuni. Ikapendeza. Nikamvuta Baba kwa mkono, nikamkalisha, nikampa swichi ya kuongezea na kupunguza mwendo. Akaegemeza sikio. Uso ukamfunguka, nimeuona kwa macho yangu.

Kisha akaongeza mwendo. Treni ikafika kona ya dirishani mbio, ikatoka relini, ikaanguka sakafuni.

Baba akaiachia swichi. Akasema, "Nimeua watu."

Akainuka, akapapasa ukuta hadi chumbani. Futari nimempelekea huko. Kanywa uji, tambi hakuzigusa.

Nimejichukia leo.

Ijumaa, Ramadhani 24

Nimeelewa nikiwa kwenye cherehani. Sauti ilikuwa steshini muda wote. Baba aliisikia steshini akaamini treni iko steshini, kona ameshaipita. Dereva akishapita kona huongeza mwendo. Hakukosea. Nilimdanganya mie, maana mwenyewe nilikuwa naitazama treni, sikuhitaji kuisikiliza.

Sauti lazima isafiri na treni.

Nimeifunga spika juu ya behewa la mwisho. Nzito. Behewa limelala chali.

Jumatatu, Ramadhani 27

Nimepata spika ndogo, ukubwa wa yai la kwale. Nimeishonea kifuko, nikakifunga kwenye behewa kwa lastiki ya suruali. Haianguki. Nikifumba macho naisikia ikipita dirishani, ikienda upande wa mlango, ikirudi. Na nimefumba mara nyingi, safari hii sitaki ujinga.

Nimemwambia Baba. Kakataa, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniumiza. Angenifokea ningejua la kufanya. Kasema nifute vumbi boksi la kuhifadhia treni, Hamidu asije akangojeshwa.

Nimefuta. Nimelia pia, juu ya gauni la Mama Salma.

Jumatano, Ramadhani 29

Mchana kutwa nimeomba mwezi usionekane, nipate siku moja zaidi. Mungu anisamehe. Mashati hayana vifungo, na Baba bado ni yule yule.

Mwezi umeandama. Mtaa mzima makelele na fataki.

Basi nikafanya ukaidi. Nikaiwasha treni ijizungukie bila dereva, nikarudi kwenye vifungo vyangu. Ikazunguka wee. Mlango wa Baba ukafunguka. Akasimama pale pale kizingitini, muda mrefu, kichwa kikiifuata.

"Kona ya dirishani unaingia na mwendo."

"Sina mikono, Baba, nina vifungo."

Nikachomwa sindano kwa kutotazama ninachoshona. Kisha nikasikia kiti kinaburuzwa mezani, na mwendo ukapungua.

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka atainuka.

Alhamisi, Idd Mosi

Watoto wamekuja na nguo zao zinazonuka pasi. Baba yuko mezani na kanzu nyeupe. Akawaamuru wote wafumbe macho, kisha kila honi ikilia wamwambie treni iko wapi. Mlangoni! Dirishani! Muongo wewe, umechungulia! Wamekosea karibu kila mara. Baba hakukosea hata mara moja, na hakuwaficha kwamba anajivuna.

Hamidu kaja na familia. Kala pilau, kasimama nyuma ya Baba na funguo za gari mkononi. Kitindamimba wake kapanda magotini kwa babu, macho kayafumba kwa viganja viwili. Hamidu katazama, kisha funguo kazitia mfukoni. Boksi hakuliulizia. Wakati wa kuaga kaniuliza kama anaweza kuleta watoto na Idd Kubwa. Nikamwambia karibuni, ila nguo za kushonwa zije mapema.

Nyumba imetulia. Miguu inaniuma, vyombo nimeviacha vilivyo. Nimemwambia Baba akalale, kachoka. Kasema akishaifikisha hii steshini.