Baba, Naomi Hakurogwa

Baba,

Shikamoo nimeiacha makusudi. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na nakuandikia kwa sababu ulipokuwa hai hukumruhusu mtu aseme. Sasa nyamaza wewe.

Siku ile unaijua. Ulikuwa umekuja likizo kutoka mgodini Sekenke na buti zako za kizungu, ukitembea kijijini kama bwana shauri wa serikali. Mama alikuambia, "Baba Yohana, umekunywa. Mtoto asipande juu ya magunia." Ukamcheka. Ukampandisha mdogo wangu Naomi, mtoto wa miaka saba, juu ya mkokoteni, ukawachapa ng'ombe mteremkoni ili wanaume wakuone. Mimi nilikuwa nakimbia nyuma. Nilisikia kichwa chake kikigonga jiwe. Ukanikamata shingo ukasema, "Hukuona kitu."

Naomi alilala siku nne bila kufumbua macho. Dresa wa zahanati alisema ubongo umeumia, tumpeleke hospitali ya misheni. Ulikataa, maana huko wangeuliza ilikuwaje. Alipozinduka, mkono wa kulia ulining'inia, maneno yamempotea, na hasira zikimpanda aliuma mtu yeyote. Ndipo ukatangaza kwamba amerogwa na mama mdogo Tabita, mjane, mdogo wake mama, aliyekuwa akimwogesha na kumsuka. Majirani walimfukuza kwa fimbo, akakimbilia Itigi. Mwanamume wa kupasua miamba, ukajificha nyuma ya mjane!

Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la tatu, nimlinde Naomi asiangukie motoni. Kaka Yohana alikataliwa na wakwe zake. Walisema nyumba yetu ina wazimu. Na wewe ukasema udenda wa mtoto unakutia kinyaa, akale zizini na ndama. Ukanyoosha miguu, ukala nyama.

Kisha vumbi la mgodi likakushika kifua. Ukawa wewe wa kulishwa uji kwa kijiko, ukiutema, ukijikojolea. Hakuna aliyekupeleka zizini. Mama alikufuta kila mara, nami nilimdharau kidogo kwa hilo, Mungu anisamehe. Ulilala pale miezi mitano. Ungeweza kusema neno moja tu. Uliomba tumbaku.

Siku ya mazishi mzee wa kanisa alikusifu: baba mwema, aliyemvumilia mtoto aliyerogwa. Nikasimama. Nikasema, "Naomi hakurogwa. Baba alikuwa amelewa, akamwangusha kwenye mkokoteni. Nilikuwepo."

Baba mkubwa akafoka, "Kaa chini! Unamtukana maiti?"

Mama, ambaye sikumtegemea, akaja kusimama kando yangu. "Mtoto anasema kweli," akasema. "Nami nilijua, nikanyamaza." Mzee wa kanisa akafunga kitabu chake.

Nilimwandikia mama mdogo. Akapanda treni hadi Manyoni, akamalizia kwa lori. Mama alimpigia magoti uani, mbele ya majirani walewale waliomfukuza. Naomi sasa ana miaka kumi na miwili. Alimkazia macho mama mdogo muda mrefu, kisha akaenda akamsogezea kichwa, asukwe.

Usidhani amepona. Hatapona. Jana alimuuma Yohana mpaka damu ikatoka, na leo amemwaga unga wote wa ugali. Tumechoka, baba. Lakini tunachoka watu wanne badala ya wawili, naye anakula nasi, sahani moja.

Nakumbuka pia, sitaki lakini nakumbuka, ulivyomfundisha kupiga mluzi kabla ya siku ile. Alikuwa hana meno ya mbele, upepo unatoka tu, nanyi mnacheka hadi mnalala chini. Ulimpenda. Ndiyo maana nakudharau zaidi. Mtu asiyempenda mwanawe ningemwelewa.

Basi kaa salama huko uliko. Kaburi lako halitakosa kufagiliwa. Mama atalifagia, mimi sitafika. Ila nakuahidi hili: nikijaliwa watoto, wakaniuliza mama yao mdogo Naomi alipatwa na nini, sitasema shetani, wala uchawi. Nitalitaja jina lako, na jina la baba yako, wasije wakadhani ni mtu mwingine.

Rakeli