Magamba, Mizani na Ticha Elias

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Darasa la Kiingereza limeanza leo, kantini ya kiwanda, baada ya zamu. Atakayefaulu usaili wa Kiingereza Ijumaa ya wiki ijayo anakuwa msimamizi wa meza za kuparia samaki. Nafasi moja tu. Koti jeupe, mikono mikavu! Miaka kumi na moja napara sato. Asubuhi vidole havikunjiki mpaka nivichovye kwenye maji ya moto. Naitaka nafasi hiyo mpaka naumwa.

Mwalimu ni kijana wa Nansio, Elias. Viatu vya mchongoko, shati kachomekea kama anakwenda kuposa. Anasema tumwite Ticha. Ticha! Ameandika ubaoni neno moja: *scale*. Mwenyewe analitamka "skeri". Akasema maana yake mizani.

Nilicheka kwa sauti. Neno hilo liko kwenye karatasi ukutani juu ya meza yangu tangu nianze kazi, na mchoro wa samaki chini yake. Ni magamba! Nimemwambia mbele ya wote. Akajikuna kichwa, akasema ni kweli dada, na hiyo pia, neno hilo lina maana nyingi. Nyingi! Kabanwa, sasa anazibuni.

Jumatano, 3 Septemba

Teodora, yule binti wa Sengerema wa meza ya tatu, anaandika kila kitu. Hata Ticha akikohoa, anaandika. Leo kauliza: mtu akisema *scale*, nitajuaje ni magamba au mizani? Ticha akajibu tuangalie maneno ya jirani. Kukiwa na kilo, mizani. Kukiwa na kisu, magamba.

Nikamuuliza: na kwetu ambako kisu na kilo viko meza moja? Akageuka kufuta ubao. Mwalimu wa bei ya kutupa.

Ijumaa, 5 Septemba

Ticha katangaza: Jumatatu, maana ya tatu ya *scale*. Ya tatu! Wiki nzima neno moja. Sirudi.

Jumatatu, 8 Septemba

Sikwenda. Nimesuka nywele. Teodora amepitia nyumbani jioni: dada Modesta, nikuazime daftari? Nimemwambia abaki na mwandiko wake, kama kuku kaparua.

Ijumaa, 12 Septemba

Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya utumishi. Nimetoka kwenye usaili.

Anayesaili ni mgeni, mzungu wa kampuni inayonunua samaki wetu, pua imeiva kwa jua. Pembeni yake Shigela wa utumishi. Salamu nimejibu. Jina nimesema. Kisha akauliza kitu kirefu, haraka haraka. Nikadaka *scale*. Nikadaka *one*, nikadaka *ten*. Mwishoni *English* — nikajua anataka nijibu kwa Kiingereza. Sibabaiki mimi! Swali nimelielewa: samaki wangu hubaki na magamba mangapi, moja mpaka kumi? "Zero!" nikasema.

Akarudia, polepole. Nikagonga meza. "Zero! Every day, zero!"

Shigela akainama, mabega yanatikisika. Mzungu kaandika sifuri. Nimeiona kwa macho yangu, duara kubwa.

Akaingia Teodora. Dakika tano, katoka. Kaulizwa swali lile lile. Kajibu sita. Sita! Nimemwambia, mdogo wangu, samaki mwenye magamba sita hata mama ntilie wa Kirumba atakurudishia.

Hakucheka. Kaniangalia kwa huruma, na huruma yake siitaki. Magamba gani, dada? Kafungua daftari, kaniwekea mapajani. Ukurasa wa Jumatatu ile. Kumbe mwandiko wake mzuri. *Scale*, maana ya tatu: kipimo cha kujipima, moja hadi kumi. Chini yake mfano wa Ticha: mtu akuulize, Kiingereza chako ni ngapi kati ya kumi?

Nimesoma mara tatu. Nimesikia aibu mpaka masikio yakawaka. Kila siku, sifuri. Nimejipa mwenyewe, na meza nimegonga!

Shigela amechungulia mlangoni. Hacheki tena. Anasema mgeni anataka kunisikiliza upya, huenda hatukuelewana, lakini nisubiri mkalimani. Nimeuliza mkalimani nani. Akasema yule yule mwalimu wenu, anakuja.

Viatu vya mchongoko, nasikia kwenye ngazi. Nimesimama. Nitamwita Ticha. Ticha, nitasema, Ticha —