Matofali Yanayoitwa Kifusi

Alhamisi, Bariadi

Kifusi ni mabaki ya jengo lililovunjwa ambayo hayawezi kujenga tena. Kwa maana hiyo, ghala la pamba la ushirika, lililouzwa kwa mtu binafsi, likabomolewa na matofali yake kuachiwa shule yetu, halikuacha kifusi.

Mkandarasi Masanja anasisitiza kwamba ni kifusi. Madarasa yetu, asema, yahitaji matofali mapya. Jumatatu miti yote ya shule itakatwa ili kuchoma tanuru.

Leo niligonganisha matofali mawili ya ghala mbele yake. Yalitoa mlio mkali wa tofali lililoiva.

"Mwalimu, unapiga ngoma?" alicheka. "Hayo yamechoka."

"Yalikwisha kuchomwa. Kwa nini tuteketeze miti kupata mengine?"

"Kuyakwangua chokaa kuukuu ni kazi."

Mama Kulwa, muuza uji, alichukua jembe bovu akakwangua moja. Likatakata kabla uji haujapoa. "Masanja, umechoka wewe, siyo tofali."

Jioni nilikuta lori lake likipakia kifusi hicho, eti kikatupwe. Matofali yalipangwa kwa mkono, mstari kwa mstari, na nyasi katikati yasigongane.

Kitu cha kutupwa hakiwekewi nyasi. Basi yanakwenda kumjengea nani?